Lomeri kwenye Televisheni

Jumatatu, 5 Februari 1996
Nimezungusha tena antena ya Mama Nafula pale hotelini kwake. Mimi nje na mlingoti, ndani watu wanapiga kelele: kushoto, kulia, rudisha. Chenga tu kwenye kioo. Mama Nafula alitoka Kitale na sufuria, Biblia na hii televisheni. Nikamwambia, "Mama, hizi chenga ndizo mvua pekee Lodwar itaona mwaka huu." Akaninyima chai. Nikakaa mpaka akanipa.

Dereva wa lori amemwona ndugu yangu mdogo, Lokwang, huko Nairobi. Bado ni soja, analinda maduka usiku. Hataki kurudi. Alisikia wezi wa mifugo walimaliza boma letu. Anasema arudi kwa nani, hata Lomeri ameliwa.

Uongo. Lomeri, maksai wake, yuko hapa, mbavu nje. Pembe moja mbele, moja imeshuka kando ya sikio. Mimi ndiye nilimtorosha wezi walipokuja. Nimetuma ujumbe kwa madereva mpaka nimechoka. Wanaitikia tu, wakifika huko wanasahau. Lomeri amezeeka. Mimi pia. Lokwang asipokuja kiangazi hiki atakuta mifupa, ya huyu au yangu.

Jumatano, 7 Februari
Vijana wa stesheni mpya ya televisheni ya Nairobi, ile si ya serikali, wamepita wakielekea Kakuma kupiga picha za wakimbizi. Wanatafuta mzee mwenye njaa. Nikavua shati. Wakafurahi sana.

"Mzee, tuambie juu ya ukame. Kwa lugha yako tu, tutatafsiri."

Nikasema kwa Kiturkana. Ukame sikuutaja. Nilisema: Lokwang, punda wewe, Lomeri yuko hai, kuja nyumbani, na ulete tumbaku. Karani wa chifu, mtafsiri wao, akakohoa. Akawaambia nimesema hali ni mbaya.

Halafu nikaimba. Kwetu mwanamume akimwimba maksai, mikono inakuwa pembe. Mkono mmoja mbele, mwingine nikaushusha kando ya sikio. Nikaruka pia. Magoti yananilaumu mpaka sasa.

Jumapili, 18 Februari
Hakuna habari. Mama Nafula amekwenda Nairobi kuleta bidhaa. Stesheni ile haifiki huku, najua. Antena nazungusha tu.

Jumamosi, 9 Machi
Mama Nafula amerudi. "Babu, nimekuona kwa televisheni, kifua wazi, bila haya."

Nikauliza, maneno yangu je? Hayakusikika. Msichana alikuwa anaongea Kiswahili juu yangu. Anasema mzee huyu anaomba mvua.

Nimekasirika. Mdomo wangu, maneno ya mtu mwingine. Serikali imetufanyia hivyo miaka yote, lakini angalau haikuhitaji kamera.

Nilidhani televisheni ni kama redio, ile ya salamu na matangazo ya msiba. Ukisema, inafika. Kumbe hii inabeba uso, mzigo inauacha barabarani. Nimewaza hivyo mchana wote. Sijala. Asubuhi Lomeri hakusimama mpaka nikamsukuma.

Jumanne, 19 Machi
Lokwang amekuja. Koti la soja, vumbi la barabara ya Kitale mpaka kwenye kope. Nikamsalimu, ejok. Alinipita, akaenda kwa Lomeri, akashika ile pembe iliyoshuka. Akakaa hapo sana.

Jioni ndiyo akaongea. Duka analolinda linauza televisheni, zinaachwa zikiwaka dirishani. Yeye yuko nje, kioo kiko katikati, sauti haitoki. Aliona mikono tu. Anasema alimjua Lomeri kwanza, mimi baadaye.

"Na ulikuwa unasema nini, mdomo wote ule?"

Nikakumbuka punda. Nikakumbuka tumbaku, ambayo hakuleta.

"Nilikuwa naomba mvua."

Akatazama juu. Hakuna wingu. Tumekaa, yeye upande huu, mimi upande ule, Lomeri katikati anacheua.