Maana ya Kuzaliwa Hai

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na baba, hajambo? Mimi mzima, ila sauti imenikauka kwa maneno.

Uliniuliza kazi hii mpya ni ya nini hasa. Kuna kikundi kazi cha wataalamu: madaktari, wakunga, watu wa takwimu, na watu wa usajili wa vizazi na vifo. Wote wanahesabu watoto wanaozaliwa na wanaofariki, lakini hesabu zao hazijawahi kulingana. Kumbe kila kundi linatumia maneno yaleyale kwa maana yake lenyewe. Zahanati inaomba mashine ya oksijeni, inanyimwa, kwa kuwa kwenye karatasi watoto wake hawakufa; hawakuzaliwa hai kabisa!

Mimi natunza sherehe yao ya pamoja: kila neno, maana yake, akina nani waliikubali, na lini itaangaliwa tena. Leo wamegombania neno moja mpaka chai ikapoa ndani ya chupa.

Binti yako


15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unanisalimia kila nikiinama. Baba yako hajambo, anabishana na redio na redio inamshinda.

Wewe na sherehe yako mmenitia aibu. Nilimwambia jirani kwamba mwanangu anatunza sherehe, akauliza ni lini, apate kushona nguo! Baba yako ndiye aliyenieleza kuwa ni yale maneno magumu yanayofafanuliwa nyuma ya kitabu.

Lakini imenivutia. Watu wazima na digrii zao, neno moja kutwa nzima? Nani hushinda, anayepiga meza? Na neno likishakubaliwa, mtu anaweza kurudi akalikataa?

Nina swali jingine, la udadisi tu. Mtoto akitoka, akalia mara moja, kisha akanyamaza kabisa, huyo kwenu mnamwitaje?

Mama yako


24 Machi

Mama,

Shikamoo, na salamu kwa baba na redio yake. Mimi sijambo.

Swali lako ndilo lililopoza chai! Tumeandika hivi: "Mzaliwa hai ni mtoto ambaye, akishatoka tumboni, ameonyesha dalili yoyote ya uhai: kupumua, moyo kupiga, kulia au kujongea, hata kwa kitambo kidogo." Kwa hiyo huyo wako alizaliwa hai, kisha akafariki. Haitwi mfu. Anaandikwa kwenye vizazi, na anaandikwa kwenye vifo.

Anayepiga meza hashindi. Hushinda anayeuliza "una maana gani?" mpaka wenzake wachoke. Na ndiyo, neno lolote linaweza kurudishwa mezani, ndiyo maana wananilipa.

Umeuliza kama mkunga mzoefu. Umeyatoa wapi?

Binti yako


30 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yangu ilifika? Nikipiga simu baba anasema umelala, au uko uani. Saa nne asubuhi, umelala? Kama unaumwa nijue. Kama kuna neno nimelikosea, nijue pia.

Binti yako


11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi. Barua ilifika. Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Yule hakuwa mtoto wa mfano. Ni wangu. Wewe tunakuita mwana wa pekee, lakini alikutangulia mwingine, wa kiume. Alilia mara moja, sauti nyembamba kama bawaba isiyotiwa mafuta, kisha kimya. Muuguzi akaandika "mfu." Nikamwambia, "Lakini amelia." Akasema, "Mama, ni uchovu huo. Hujasikia kitu." Bibi yako naye akasema hivyohivyo. Baba yako alikwenda kuzika, akarudi, hakusema neno. Nami sikumuuliza.

Ukisikia kitu, na kila mtu akakuambia hakikuwepo, mwisho unayashuku masikio yako. Nimeyashuku mpaka barua yako ilipokuja.

Sasa nataka kujua: maana hiyo inarudi nyuma? Inamfikia aliyezaliwa kabla haijaandikwa?

Mama yako


2 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Pole, mama. Pole sana. Nililia kwanza, ndipo nikashika kalamu.

Nilikujibu kana kwamba mambo yamekwisha, kumbe ile ilikuwa rasimu. Juzi ilirudishwa mezani. Mtu wa takwimu alitaka tuhesabu tu mtoto aliye hai wakati daftari linaandikwa. Mkunga mkuu akamuuliza, "Na anayefariki nikiwa bado natafuta kalamu?" Akajibu, "Sikatai kwamba alizaliwa. Naogopa kukisia. Nani alimsikia?"

Mama, mimi sina kura pale. Naandika tu wanayokubaliana. Lakini niliinua mkono. Sikukutaja. Niliuliza, "Mama yake akisema alimsikia, hilo tunaliandika wapi?"

Aliyejibu ni yuleyule wa takwimu: "Hatuna mahali." Basi tukakaa mpaka pakapatikana. Maana imebaki kama nilivyokuandikia, na chini yake tumeongeza kwamba maneno ya mzazi yataandikwa kama alivyoyasema, hata mhudumu akiwa na rai nyingine.

Kuhusu kurudi nyuma, nimewauliza watu wa usajili. Kumbukumbu za zamani hawazigusi. Lakini mkunga aliniambia jambo: neno halimzalishi mtoto, linamweleza tu. Kama alilia, alizaliwa hai siku ileile, tuwe tumeandika au hatujaandika.

Baba anajua kwamba ulimsikia?

Binti yako


20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Huku tu wazima, na leo nina habari.

Swali lako la mwisho nimelibeba siku nyingi. Jumapili baba yako alikuwa kibarazani aking'arisha viatu, nikamwambia bila kuzunguka, "Yule wa kwanza alilia."

Hakuinua kichwa. Aliendelea kusugua kiatu kilichokwisha kung'aa. Kisha akasema, "Mara moja."

"Umejuaje?"

"Nilikuwa nje ya mlango. Nilimsikia, nikafurahi. Halafu wakatoka wakaniambia mfu, nikadhani nimesikia mtoto wa chumba kingine. Wewe hukusema kitu. Nikaona nisikutoneshe kidonda."

Miaka yote hiyo, mwanangu, kitanda kimoja! Nilimpiga kwa brashi ya viatu, kisha tukashikana tukalia kama wafiwa wa jana. Hata jina alikuwa nalo. Alimpa kimoyomoyo akakaa nalo. Mimi ameniambia. Wewe atakuambia mwenyewe ukija, amenikataza nisiliandike.

Jana alikuja fundi bomba, mtu wa maneno mengi. Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo. Nikamsikia akimuuliza baba yako ana watoto wangapi.

"Wawili," akasema. "Mkubwa wa kiume."

Fundi akauliza huyo mkubwa yuko wapi. Nikafunga maji nisikilize. Baba yako akamvutia kiti, akaanza kumweleza.

Mama yako