Niliwauliza wageni kama watakula

Ujiji, Jumatano usiku

Wanangu huko Kanada wakisikia nilichofanya leo, watanicheka hadi walie.

Wifi Zaituni, dada wa marehemu mume wangu, alikuja na majirani wawili kunikaribisha baada ya miaka yangu yote ya ugenini. Nikawauliza, "Mtakula?" Wakajibu, "Aa, tumeshiba." Nami, jamani, nikaamini! Nikawapa maji. Wakayanywa polepole wakiangalia jikoni, harufu ya samaki wa migebuka na mawese imejaa nyumba nzima, mimi nasimulia theluji.

Walipoondoka ndipo nikakumbuka. Hapa mgeni haulizwi, anatengewa. Kukataa ni adabu yake tu.

Niliogopa. Nimekuja kuzeekea hapa. Wakinisusa, nani atanizika?

Magharibi nikasikia hodi. Wifi huyo, na hotpoti mkononi.

"Shika ugali, wifi. Tumeona kwako hakuna chakula."

"Wifi, nilisahau tu!"

"Basi nipishe niingie. Na usiniulize kama nitakula."

Alikula mpaka akakwangua sufuria ya mchuzi, huku ananisema.

Kesho anarudi na wale majirani. Nitatenga kwanza, salamu baadaye.