Waliibadilisha Giaboksi ya Mama

Jumamosi, mtaani kwetu Landless. Manyunyu tangu asubuhi, nguo hazikauki, na mimi bado nina hasira.

Mama alikuwa nesi hapa Thika na aliendesha Datsun 240Z, ile ya milango miwili yenye pua ndefu. Watu walidhani ameazimwa na mwanaume fulani. Alipofariki aliniachia mimi, si kaka yangu Kamau. Gari lilikuwa na shida moja tu: gia ya pili ilisaga kila ukiiingiza. Nikampelekea fundi mmoja wa Ruiru, nikamwambia afungue giaboksi, atengeneze hiyo gia, afunge. Basi.

Leo nimeenda kulichukua. Naangalia mkono wa gia, naona namba tano. Giaboksi ya Mama ilikuwa na gia nne tu.

Fundi akaanza kunieleza polepole, kama mtoto. Eti giaboksi hii imetoka kwa gari la aina hiyo hiyo, la miaka ya baadaye, na imeingia bila kukata chochote. Ile ya zamani walibadilishana na mzee wa Mugutha anayefufua gari kama langu. Nikamuuliza nani alikubali.

Alimpigia Kamau.

Namba yangu anayo. Mimi ndiye nilimpelekea gari. Lakini alipotaka kuuliza jambo la giaboksi, akatafuta mwanaume.

Nikaondoka nalo hadi Mugutha, na hapa lazima niseme ukweli: linaenda vizuri. Gia ya pili haitoi hata sauti. Kwa ile ya tano injini inatulia kabisa. Hilo ndilo lilinikasirisha zaidi, kwa sababu sasa wataona walikuwa sahihi.

Mzee huyo, Yusufu, anauza nafaka. Giaboksi ya Mama ilikuwa sakafuni kwa stoo yake, bado hajaifunga kwenye gari lake.

"Niliambiwa mwenyewe amekubali," akasema.

"Mwenyewe ni mimi, mzee."

Akatandika gunia nyuma ya gari langu, akaita mfanyakazi wake, wakaibeba wakaiweka.

"Kaa na zote mbili kwanza, binti yangu. Ukirudia hii, niletee ile yangu. Ukiipenda yangu, hii nitaichukua. Lakini uchague wewe."

Nililia nikiwa peke yangu barabarani. Mtu nisiyemjua ndiye wa kwanza kuniachia nichague.

Jioni Kamau akapiga simu, akauliza kama gari si linaenda poa. Nikamwambia linaenda poa, lakini hamkuniuliza.

"Sasa unalia nini?"

Nikamuuliza: lingekuwa gari lake, fundi angenipigia mimi? Akasema tutaongea.

Giaboksi ya Mama iko jikoni juu ya magazeti, inadondosha oili. Sijui nitachagua ipi. Naweza kukaa bila kujua hata mwezi mzima, na safari hii watangoja.