Choo chetu kimejaa mafagio

Shoga, huwezi kuamini. Vijana tumekuja kukagua kama maktaba mpya inawafaa watu wenye ulemavu. Choo cha sisi wa viti vya magurudumu kina kufuli!

Nimedai ufunguo. Ndani kuna mafagio na ndoo saba.

Meneja, mbele ya wageni: "Mdogo wangu, weka tiki kwenye fomu ya ukaguzi, kesho tutavitoa."

Kesho!

Nikamwambia, "Kaka, mimi nimebanwa mkojo leo." Aibu nimeiona, lakini ndiyo hali halisi.

Naye eti hakuna aliyewahi kukiulizia choo hicho. Maktaba imefunguliwa asubuhi hii!

Sijasaini. Fomu nimeikalia, na meneja mwenyewe anatoa ndoo moja moja.