Matanga ya Mtu Anayechagua Maharagwe

Kuresoi,
Jumatano asubuhi

Kwako mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mtoto wako, ingawa najua sina uso wa kukusalimia. Magoti yanaendeleaje na baridi hii? Ile dawa ya kuchua bado ipo, au umeshawagawia majirani wote kama kawaida yako? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia, na sababu unaijua.

Naandika barua kama watu wa zamani kwa sababu simu yangu hushiki. Inalia mpaka inakatika yenyewe. Nilimwomba Wycliffe akupe simu yake akaniambia, "Sister, mimi usiniingize. Mathe hataki hata kusikia jina lako." Basi nimeona niandike. Ukitaka kuitia karatasi hii jikoni itie, lakini isome kwanza.

Wycliffe amenieleza yote. Kwamba ulikuwa umekaa nje unachagua maharagwe, ukawaona akina mama wa kanisa la ng'ambo ya mto wakiingia uani wamejifunga leso, wanaimba polepole, wamebeba mkate, sukari na majani chai. Kwamba Mama Beatrice aliyekuwa mbele alipokutambua aliangusha sukari. Na kwamba wewe uliwatazama mmoja mmoja, ukasema, "Karibuni. Marehemu ndiye mimi. Kaeni niwapikie chai."

Mama, niliposikia hayo nilicheka, Mungu anisamehe, halafu nikalia mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama nimefiwa.

Wacha nikuambie jinsi nilivyokuzika.

Unajua kwamba tangu mwaka jana nilitolewa kwenye kuchuma majani chai nikapewa kazi ya kutembeza wageni. Wengi hulala Nakuru, kule Milimani. Asubuhi wanapelekwa Bahati kuona kahawa, wanang'ata buni mbivu na kutema maganda, halafu wanapandishwa huku kwetu. Wakifika saa saba ukungu huwa tayari umeshuka, wao wanafurahi, mimi natetemeka ndani ya gambuti za mpira nilizopewa kazini. Nawafundisha kuchuma majani mawili na kichomozo cha katikati. Wanachuma mpaka shina, tunacheka, wanapiga picha.

Na unajua tunasimama wapi? Kwenye mistari yako, ile ya kando ya mtaro. Ndiyo peke yake iliyoachwa ichumwe kwa mkono, kwa sababu iko karibu na barabara na wageni wanapenda kuona vikapu. Kwingine kote ni mashine.

Mwanzoni niliwaambia ukweli. Nilisema hapa ndipo mama yangu Dorika alipochuma miaka ishirini na miwili, na mimi nikiwa mgongoni mwake. Walipouliza kwa nini aliacha, nilisema mashine zilikuja, wakaitwa asubuhi yeye na wenzake, wakaambiwa warudishe vikapu na aproni kabla ya saa sita, na hakuna mtu aliyewaambia asante. Kesho yake meneja akaniita.

"Everlyne, hawa watu wamekuja ku-enjoy. Hizo story za mashine na watu kufutwa, wachana nazo kabisa. Ama unataka kumfuata mathe?"

Niliogopa, mama. Nasema wazi, niliogopa. Nikaacha mashine, nikabaki na wewe na kikapu chako tu. Siku moja mama mmoja mzee kutoka Nairobi akaniuliza, "Na sasa mama yako yuko wapi?" Nikamwangalia meneja, alikuwa amesimama pale na mwavuli wake. Nikisema uko nyumbani, yule mama ataniuliza kwa nini. Nikisema magoti, ataniuliza ni nini kilichoyaharibu. Nikatazama chini. Yule mama akaelewa vyake. Akanishika mkono akaniambia, "Woi, pole sana, mama. Pole." Wote wakatoa kofia.

Sikumsahihisha. Hilo ndilo kosa langu, na simbebeshi mtu mwingine. Meneja aliniambia jioni, "Hiyo ya mathe iko sawa. Hiyo usitoe." Na mimi sikuitoa. Wiki iliyofuata nilisema mwenyewe kwa mdomo wangu kwamba ulituacha. Baadaye nikaongeza kwamba ulinifundisha kuchuma ukiwa unaumwa. Niligundua kitu kibaya sana, mama: ukiwa hai lazima nikuelezee, lakini ukiwa umekufa watu wanasema pole na tunaendelea kwenye kiwanda.

Akina mama wa kanisa walipokuja huku kutembezwa sikuwajua. Nilijua ni watu wa kwetu walipoanza kuimba nyimbo za kwetu. Nilitaka kuiruka hiyo sehemu, lakini meneja alikuwa nyuma yao ananipigia ishara nisimame pale kwa mtaro. Nikasema. Mama Beatrice akaniuliza jina lako na kwenu ni wapi. Mtu anayelia pamoja nawe utamnyimaje jina? Akaniombea pale pale ameweka mkono kichwani mwangu, na maombi hayo yaliniunguza. Sikufikiri watakunja kona waje kukuomboleza, hata kama wamechelewa. Lakini ndivyo watu wetu walivyo, nami nilipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote.

Wycliffe anasema huendi kanisani siku hizi kwa sababu watu wanakutazama mara mbili. Anasema pia yale majani waliyokuletea waliyanunua hapa hapa kwenye duka letu la wageni, na mpaka leo yako juu ya kabati hujayafungua. Hilo limenitesa kuliko mengine yote. Mikono yako iliyachuma miaka yote hiyo, na siku ya kuletewa zawadi ya majani hayo, yameletwa kwa kilio chako.

Jumamosi iliyopita nilisimama pale kwa mtaro, ukungu ulikuwa mzito hata kiwanda hakionekani. Meneja hakuwepo. Mzee mmoja wa Molo akauliza yuko wapi mama aliyenifundisha. Nikasema, "Yuko hai. Yuko nyumbani, na magoti yake yaliharibikia hapa mlipokanyaga. Nimekuwa nikidanganya watu kwamba alikufa." Halafu yule mzee akasema, "Sasa si umpigie tumsalimie?"

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Watu wote wakasogea. Simu ikalia, ikalia, ikakatika. Mzee akasema, "Jaribu tena, mathe pengine ako shamba." Nikajaribu tena. Walisimama kwenye baridi ile wakikusubiri mpaka kijana aliyekuwa akipiga picha akawa anatazama viatu vyake. Msichana mmoja akamnong'onezea mwenzake, na najua alichosema. Sasa hata nikisema ukweli, inaonekana naongopa.

Habari zimefika kwa meneja. Amesema Jumamosi hii atakuja mwenyewe kusikiliza, na nikitoka nje ya maneno yake, nirudishe gambuti. Sitayarudia yale ya kukuzika. Nitasema upo, nitasema na ile ya vikapu na aproni. Gambuti nimeziosha tayari.

Nisalimie Wycliffe na mke wake, na mwambie shemeji yangu kwamba ile sweta ya mtoto naimalizia shingo. Senge Jerida, dada yake marehemu baba, mwambie asinitetee, ananiharibia. Mama Beatrice nitamwandikia barua yake peke yake, nimpe pole ya sukari iliyomwagika na ya machozi niliyomwibia.

Wewe sikuombi unisamehe kwa karatasi. Ulinipa jina la mama yako, maisha yangu yote umeniita mama, na mimi nikasimama mbele ya watu nikasema sina mama. Nitakuja Desemba nikae mbele yako unitukane utakavyo.

Naomba kitu kimoja tu. Jumamosi saa saba na nusu nitapiga simu nikiwa kwenye mistari yako, wageni wamenizunguka na meneja pia. Shika, mama. Kama hutaki kuongea na mimi usiongee. Kohoa tu. Au nitukane, kwa sauti, wote wasikie.

Ni mimi Everlyne,
ambaye mama yake yuko hai.