Mgeni Aliyeuliza Kila Mtu

Kwako Baba Mutisya, mume wangu,

Mmeamkaje huko Tulia? Ule mguu wako uliorudi nao kutoka vita vya Wajerumani, baridi hii imeuonea tena? Mvua imefika, au imepita juu ya vilima kama kawaida yake? Sisi huku shamba la katani tuko wazima. Tunakula, tunalala. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa Kiswahili ulichonifundisha wewe, wala sikumwomba mtu. Kambi nzima mwanamke wa kushika kalamu ni mimi peke yangu. Waambie hilo wanawake wa kanisa.

Barua iliyopita nilikuambia jambo kubwa, kwamba mwanao ametolewa nyumba ya brashi, kwenye vumbi la kusugua katani kavu, na sasa anatembea na mzungu mgeni. Najua uliisoma mbele ya watu baada ya ibada, na ulifanya vema. Sasa sikia yaliyofuata.

Huyo mgeni si wa serikali wala si wa misheni. Alikuja kuuliza watu habari za kazi, basi. Kwa nini Wahindi wako ofisini, Wajaluo wanapakia mabehewa, na sisi Wakamba tunakata katani na kuipiga brashi. Kwa nini mtu wa kazi hii hahamii ile. Alitaka mtu wa kumtafsiria, na katika shamba lote hili aliyepatikana ni Mutisya wetu. Wengine walishangaa. Mimi nishangae nini, na nimemzaa mwenyewe? Alivaa lile koti lako la zamani, akaketi meza moja na mgeni, na kile kikohozi cha vumbi kikapungua mpaka kikaisha. Nikamsikia akicheka bila kushika kifua.

Nilikuwa naanika katani kwenye waya walipofika kwa wapakiaji. Kuna Mjaluo mmoja wa mzaha, anaitwa Otieno. Akaulizwa kwa nini anapakia. Akasema, "Mwambie nilishuka kwenye gari la moshi, nyapara akaniuliza, 'Wewe Mjaluo?' Nikasema ndiyo. Akanionyesha behewa. Mpaka leo nangoja swali la pili." Watu wakacheka. Mgeni akaandika.

Akaja kwangu. Kwa nini wanawake wanaanika tu? Nikamjibu, "Bwana, waliniweka hapa, na tangu waniweke hakuna katani iliyooza. Wakiniweka ofisini pia hakuna kitakachooza." Mutisya aliinama kuficha meno, lakini aliyasema yote, hata hilo la ofisi.

Haja yetu unaijua. Yule Mhindi aliyekuwa karani wa pili alihamia Nairobi, kiti chake kikabaki wazi. Mutisya anasoma, anaandika, anajua hesabu, Kiingereza anacho. Neno moja la mgeni kwa meneja lingetosha. Lakini sisi hatumrukii mgeni na ombi. Mgeni analishwa, anapewa kitu cha mkono, halafu yeye mwenyewe ndiye anauliza, "Na nyumba hii ina haja gani?" Hapo ndipo unafungua mdomo. Basi tukangoja. Nikamchinjia jogoo, akala mpaka shingo. Akaniuliza nani anachota maji, nani anakula kwanza, nani alinitafutia mume. Jirani yetu Mulwa, yule nyapara wa wakataji, akaninong'oneza, "Mama Mutisya, huyu anauliza hata majina ya mbuzi. Swali letu litakuja tu, limekawia njiani." Tukacheka.

Siku ya kuondoka kwake, Mutisya alimletea kiti cha miguu mitatu. Alikichonga mwenyewe, akakitia waya wa shaba juu kama ulivyomfundisha. Hujaona kiti kama kile, na wewe ni fundi. Mgeni akakigeuza, akakipapasa, akakikalia. Akasema kitu kwa Kiingereza.

Nikamwambia Mutisya, "Haya, tafsiri."

"Anasema Wakamba wana mikono."

"Halafu?"

"Basi, Mama. Ni hivyo tu."

Mgeni akatia mkono mfukoni, akatoa shilingi, akamwekea Mutisya mkononi, akashukuru. Amelipa. Nawe unajua, kitu kikishalipwa kimekwisha, hakiachi swali nyuma yake. Gari likaondoka na kiti juu ya mizigo.

Sikulia. Nilirudi kwenye waya nikaanika. Niliangalia mikono yangu ikifanya kazi, nikaona kama ni ya mtu mwingine.

Ofisini ameingia kijana, mpwa wa karani mkubwa. Si mtu mbaya, anatusalimu. Mutisya amerudi nyumba ya brashi, na kikohozi kimerudi naye. Nilimwambia, "Ungeomba tu, mwanangu, hata kwa kuvunja adabu."

Akatema vumbi. "Kwa sauti gani, Mama? Yangu ilikuwa na kazi."

"Na yule mgeni hakukuuliza hata siku moja kwa nini wewe uko brashi?"

"Mimi nilikuwa mdomo wake. Nani anauliza mdomo?"

Nikamtilia maji anywe.

Sasa la Kyalo, mdogo wake. Uliandika kwamba mvua ikiisha aje, kaka yake amwingize ofisini. Asije. Langoni hapa hataulizwa amesoma mpaka wapi. Ataulizwa ni mtu wa wapi, na akisema Mkamba, njia ya brashi haina kona. Najua huko mifugo imebaki mifupa na unataka mkono wa pili wa kuleta mshahara. Hata hivyo abaki kwa mwalimu wake. Nyumba moja, mtu mmoja kwenye brashi anatosha. Mimi nitabaki huku na kaka yake.

Barua hii usiisome mbele ya watu. Wakitaka habari, wasomee ile iliyopita tena. Haina uwongo hata mstari mmoja.

Msalimie mama yako, mwambie ugoro wake nitampa mtu wa kwetu anayerudi. Msalimie shemeji yangu mkulima wa Kalamba akipita na mbegu zake, na dada yangu anayeuza chumvi hapo sokoni, najua atataka kusikia barua hii kuliko wote. Mwalimu wa Kyalo mpe mkono kwa niaba yangu.

Ile shilingi ipo. Hakuna aliyeigusa. Nimeiweka chini humu nyumbani, pale kile kiti kilipokuwa, na Mutisya akirudi kutoka kazini anakaa kando yake kwenye udongo, anakula.

Mimi mkeo,
Mama wa Mutisya, aliyewasemea watu wote wa shamba hili