Pijo Haliji Nairobi, Baba

Kwa Baba, huko Nairobi,

Ninakuandikia Jumapili mchana. Wenzangu wanafua sare, nami nimekaa kwenye ngazi za bweni hapa Homa Bay, mahali ambapo ziwa linaonekana kidogo katikati ya mapaa mawili. Najua Baba mdogo Ouko ameshakuletea jibu la nyumbani, na kwa jinsi ninavyomjua, amelipunguza makali njiani. Ulitaka Pijo, lile gari letu la zamani la mizigo, ukaambiwa hapana. Labda hukuambiwa kwamba neno la mwisho lilikuwa langu mimi, Akoth, uliyezoea kuniita Dani, bibi, kwa sababu nilipewa jina la mama yako.

Nakumbuka tulivyoanza. Ulikuwa ukirudi kutoka Macalder kununua dhahabu kwa wachimbaji, unapitia Migori mjini kwa muuza vitabu vya mitumba, unaleta majarida ya magari yaliyokwisha majalada. Yalikuwa ya Kiingereza. Kiingereza chako kiliishia darasa la nne, changu kilikuwa kipya na bado kinanuka chaki. Ulinikalisha barazani, nikasoma, kisha nikakupa kila sentensi kwa Dholuo. Magari mawili yanashindanishwa: lipi linafika kasi ya mia haraka, lipi linashika barabara kwenye kona, lipi linakunywa petroli zaidi. Mimi nilitaka kusoma yote kwa utaratibu. Wewe ulisubiri kama mtu anayesikiliza mpira redioni, kisha ukauliza, "Nani ameshinda?" Nikikuambia, mara nyingi uliyakataa matokeo. Ulisema mwandishi huyo hajawahi kuendesha kutoka Rongo hadi Rodi Kopany mvua ikinyesha.

Ulinifundisha kununua gari kabla sijatumwa sokoni peke yangu. Muuzaji akikupokea injini ikiwa imeshapata moto, muage uende zako, kwa sababu ugonjwa wa injini husikika ikiwa baridi. Pitisha kidole ndani ya bomba la moshi: masizi makavu ni afya, yakinata mafuta ni msiba. Tazama raba ya pedali ya klachi, kwa maana mita ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma na mtu yeyote mwenye bisibisi, lakini raba iliyolika haina wa kuirudisha. Wasichana wengine walijua kusuka. Mimi nilijua kupima oili kwa vidole viwili, nawe ukawaambia watu kwamba una kijana wa kiume anayevaa rinda. Sasa nikilikumbuka neno hilo silipendi. Wakati ule nilifurahi sana.

Kisha ukauza mashine ya kusaga unga, ile ambayo Mama ndiye aliyekuwa akiamka kuiwasha. Ukaenda Mombasa, ukarudi na lile salun, gari dogo la Kijapani lenye turbo, la buluu iliyoiva, lenye tundu la hewa juu ya boneti. Jirani yetu, Mwalimu Odera, alilizunguka mikono ikiwa nyuma, akasema gari hili limefungua mdomo hata kabla halijakaribishwa chakula. Tulicheka sote, Mama pia, ingawa yeye alicheka kidogo.

Sitasema uongo, Baba. Lilikuwa gari zuri. Ulinipeleka Awendo kwa lami, na mwanzoni nikaona ni gari tu kama mengine, mpaka turbo iliposhika na mgongo wangu ukazama kwenye kiti. Ule mluzi wake mwembamba bado uko masikioni mwangu. Kwenye lami, Pijo letu lilikuwa ng'ombe wa kulimia mbele ya swara. Lakini tulipoingia barabara ya vumbi nilianza kuwa na maoni yangu. Pijo lilikuwa na springi ndefu, lilimeza mashimo bila kulalamika. La turbo lilisalimiana na kila jiwe kwa tumbo lake. Nilikuambia hivyo, ukasema sasa nimekuwa mwandishi wa majarida.

Ukurasa wa turbo nilikusomea mara mbili. Nilikueleza kwamba turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, huzunguka kwa kasi kubwa na kupata moto mkali, na oili inayopita ndiyo inayoipoza. Ukizima injini ghafla, oili inasimama na kuungua mle ndani. Kwa hiyo ukimaliza kulikimbiza gari, liache lingurume kidogo kabla ya kulizima. Ulinijibu, "Dani, huyo mzungu ananunuliwa petroli na gazeti lake." Tulicheka tena. Nawe ukaendelea na desturi yako ya tangu enzi za Pijo, desturi ya madereva wote wa kwetu. Unalikimbiza gari kutoka Rodi Kopany, unafika juu ya mteremko wa kuingia Homa Bay, unaweka giya huru, unazima injini, na gari linateremka kimya kama baiskeli. Usukani unakuwa mgumu, breki zinakuwa ngumu, nawe unatabasamu kwa sababu ya petroli uliyookoa. Chini unaliamsha kwa giya. Sijui kama uliwahi kujivunia kasi ya gari lile kama ulivyojivunia kuliteremsha limekufa.

Moshi wa buluu ukaanza. Mluzi ukageuka kuwa kilio cha chuma. Mwisho wake trekta la miwa lilikuvuta mpaka nyumbani, watoto wakikimbia nyuma. Ulilipakia gari kwenye lori, ukasema unakwenda Nairobi kutafuta injini nyingine, na nikuwekee majarida yasiloe. Hukurudi Krismasi ile wala iliyofuata. Mama yake Mama alipofariki, tulikungoja kule Rusinga. Wakwe wenzako walikuja na ng'ombe na watu wao. Wewe ulituma neno kwamba mara ya mwisho uliingia ukweni na turbo, hivyo huwezi kushuka kwenye basi mbele ya watu walewale wakakucheka. Mama alilisikia neno hilo akiwa amekaa chini kando ya jeneza. Hakulia zaidi wala hakupunguza. Mimi ndiye niliyetoka nje.

Tulipotoka Rusinga, Mama aliwafukuza kuku kutoka ndani ya Pijo. Fundi wa Migori alisafisha kabureta na kubadilisha plagi. Mama alijifunza kuendesha kwenye uwanja wa kanisa, wazee wakiwa wamepanga mstari kumtazama anavyolizima kila akiachia klachi. Siku hizi anapeleka vitunguu na viazi vitamu soko la Ogwedhi, na akirudi, nyuma ya gari kuna mbuzi wa wenye bucha. Hazidishi kasi. Mteremko wowote anaushuka injini ikinguruma. Mimi niko shuleni kwa sababu ya safari hizo.

Sasa nikuambie ya Agosti. Ilikuwa asubuhi ya soko. Baba mdogo alifika na dereva tusiyemjua, akanywa uji kwanza, kisha akatueleza kwamba umepata injini, kwamba mwenye injini hataki pesa bali anataka gari la mizigo, na kwamba dereva huyu amekuja kulichukua Pijo. Mama alikuwa anapakia magunia. Hakusimama.

"Shemeji, gari ni la mwenye nyumba," Baba mdogo akasema.

"Mwenye nyumba yupi?" Mama akauliza. "Mlango jana niliufunga mimi. Leo nimeufungua mimi."

Baba mdogo akaona huko hakuna kitu, akanigeukia kwa sauti ya upole. "Dani, wewe na baba yako mnaelewana. Mwambie mama yako injini ile ni kitu gani."

Baba, aliniita kwa jina unaloniita wewe. Nami nilijua injini ile ni kitu gani kuliko yeye, kuliko dereva wake. Kwa muda nilitaka kusema ndiyo. Niliwaza kwamba Pijo likienda, injini itapata gari, gari litapata mwenyewe, na mwenyewe atarudi nyumbani bila aibu. Kisha nikamtazama Mama. Alikuwa ameacha kupakia, maganda ya vitunguu yamemganda mikononi, ananingoja. Sikuwa nimewahi kumwona akiniogopa.

"Ninaijua," nikasema. "Akiipata ataizima kwenye mteremko, kama ile ya kwanza. Pijo lisiende."

"Nani kakufundisha kumsema baba yako hivyo?"

"Mambo ya magari nimefundishwa na yeye, Baba mdogo."

Dereva alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Na kwa kuwa hawakuwa na namna nyingine ya kufika barabara kuu, walipanda Pijo lilelile walilokuja kulichukua. Baba mdogo alikaa mbele, dereva juu ya vitunguu. Mama aliwashusha stendi na kuwatakia safari njema.

Sijafurahi tangu siku hiyo. Nilidhani nitafurahi. Redio inapotangaza mbio za magari wakati wa Pasaka, bado nataka kukuuliza ni nani utakayemkatalia ushindi safari hii. Bado naamini lile la turbo ndilo gari bora lililowahi kuegeshwa kwetu. Silichukii. Ninakasirika kwa sababu lilikuwa na mtu aliyekaa kando yake, aliyelisoma vizuri na kukueleza, na hukumsikia; kisha ukatarajia nimtoe Mama sadaka ili ujaribu tena.

Mwakani namaliza kidato cha nne. Mwalimu wangu wa fizikia anasema naweza kwenda kusomea uhandisi wa mitambo, nami nimeamua kumwamini. Nilitaka ulisikie hili kutoka kwangu, si kwa Baba mdogo.

Pijo haliji Nairobi, Baba. Usitume mtu mwingine. Lakini wewe unaweza kuja. Panda basi la usiku kama watu wengine, ushuke stendi mchana kweupe, utembee. Kama kuna watakaocheka, watacheka siku hiyo moja, kisha watarudi shambani. Mama hajasema uje wala usije. Mimi ndiye ninayesema. Hatutatoka nje kuangalia umeletwa na gari gani. Tutaangalia tu kama umebeba nguo za kukaa.

Ni mimi, binti yako wa kwanza,
Akoth